Mtoto Aliyepata Saba

Kabla sijaanza, hebu kila mmoja wenu aione picha hii kichwani mwake. Ni asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa milimani unaolowesha nywele ingawa mvua hainyeshi. Chini ya mashamba ya chai kuna nyumba ndefu ya matofali yenye mlango mpana. Watoto thelathini na tisa wanaingia wakisukumana, wanacheka, wanavua kandambili na kuzipanga ukutani. Mtoto mmoja haingii. Amesimama nje, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo, na macho yake yanafanya kazi: nani yuko kulia, nani yuko kushoto, nani anakuja. Ana miaka mitano. Mmemwona? Haya, tuendelee naye.

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi tu, maana waliokuwepo bado tunasalimiana nao sokoni, palikuwa na kituo cha kulelea watoto katika vilima vya Rungwe. Kilikuwa na jina lake rasmi kwenye kibao, lakini watu walikiita Chini-ya-Chai, kwa sababu akina mama waliokwenda kuchuma chai asubuhi waliwaacha watoto wao pale, wakapanda shambani.

Mkuu wa kituo aliitwa Mwalimu Atuganile. Alikuwa amefundisha watoto wadogo kwa miaka ishirini na miwili. Akiwa ofisini anaandika, aliweza kusikia kilio ukumbini na kujua kama ni cha njaa, cha usingizi au cha kudeka. Baadhi ya wazazi waliomletea watoto, yeye mwenyewe ndiye aliyewafuta kamasi walipokuwa wadogo. Mtu kama huyo hadhani kuna mtoto wa kumshinda.

Akaletwa Sekela.

Aliletwa na bibi yake, mwanamke mwembamba aliyetembea kwa fimbo. "Mwalimu, huyu ni mtoto wa binti yangu. Alikuwa mjini na mama yake na yule baba wa kambo. Sasa amekuja kukaa kwangu."

"Karibuni sana, bibi. Na mama yake hajambo?"

"Amekuja kukaa kwangu," bibi akarudia, na Mwalimu Atuganile akaelewa kwamba maswali yameishia hapo.

Siku ya kwanza Sekela alimng'ata mwenzake. Siku ya pili alimng'ata mwingine. Siku ya tatu kikombe cha uji kilianguka sakafuni, na kabla hakijamaliza kubingirika Sekela alikuwa chini ya meza, mikono kichwani. Siku ya nne walimkuta na vipande vya ndizi mbivu ndani ya mikono ya sweta, vimeoza na kuvutia nzi.

Sasa, Chini-ya-Chai palikuwa na utaratibu wa miaka mingi. Mtoto akikosea, anasimamishwa kwenye kona, uso ukutani, mpaka wenzake wamalize kuimba mara tatu. Watoto waliiogopa kona ile kuliko fimbo. Sekela akapelekwa konani. Badala ya kutazama ukuta, akageuka, akabana mgongo wake pale kuta mbili zinapokutana, akawatazama watu wote.

"Geuka, Sekela."

Hakugeuka.

Na kesho yake, bila kukosea na bila kutumwa, akaenda konani mwenyewe.

"Huyu ana kiburi," alisema Mwalimu Atuganile. "Tena kiburi cha mtu mzima."

Yakumbukeni maneno yake hayo, kwa maana yeye mwenyewe aliyakumbuka kwa muda mrefu.

Chini yake walikuwepo wafanyakazi watatu. Wa kwanza ni Mwalimu Tupokigwe, binti aliyetoka chuoni mwaka uliopita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na daftari lake halikuwa na ukurasa uliokunjika. Wa pili ni Mama Gwantwa, mpishi, mwanamke mnene wa maneno mengi, aliyeacha shule darasa la nne ili kulea wadogo zake. Wa tatu ni Lugano, kijana wa miaka ishirini na sita, mlezi. Vijana wenzake walimcheka barabarani: "Lugano, leo umebadilisha nepi ngapi?" Naye alijibu, "Yako ndiyo imebaki," akaendelea na safari yake.

Mwezi huohuo wakaitwa kwenye mafunzo. Mkufunzi alitoka mjini, akiitwa Bi Rukia, mwanamke mtaratibu aliyezoea kusubiri mtu amalize sentensi yake. Mafunzo yalikuwa ya siku tano, katika ukumbi wa kanisa, kwa walezi na walimu wa vituo sita. Mama Gwantwa hakualikwa kujifunza. Alialikwa kupika chai na maandazi ya wanaojifunza.

Siku ya kwanza Bi Rukia akasema hivi: "Kuna mtoto aliyepigwa sana. Kuna mtoto aliyelala njaa mara nyingi. Kuna mtoto aliyemwona mama yake akipigwa, na kuna yule ambaye mzazi wake aliondoka bila kuaga. Mtoto huyo anakuja kwako na mwili unaolinda. Masikio yanalinda, mgongo unalinda, hata tumbo linalinda. Wewe unaona mkorofi. Mwenzio yuko zamu, na hakuna aliyekuja kumpokea zamu hiyo."

Akawatazama mmoja mmoja, akaendelea.

"Kwa hiyo, kabla hujamuuliza kwa nini amefanya hivi, jiulize wewe mwenyewe: huyu ametokea kwenye nini?"

Mwalimu Atuganile aliona kona ya kituo chake kama vile iko mbele yake. Akamwona Sekela amebana mgongo pale. Akafahamu. Mtu aliyesimama hivyo, hakuna anayeweza kumjia kwa nyuma. Masikio yakamchoma kwa aibu. Akanyoosha mkono.

"Na akishatokea huko, Bi Rukia, anarudi kuwa mtoto?"

"Anarudi," alisema Bi Rukia. "Nimewaona wakirudi, wengi tu. Anataka mtu mzima asiyebadilikabadilika. Leo hivi, kesho hivyohivyo."

Siku ya pili, Bi Rukia akiwa anataja moja baada ya jingine mambo yanayowaumiza watoto, Lugano aliinuka, akatoka nje. Hakurudi. Hakurudi siku ya tatu wala ya nne wala ya tano. Watu wakasema, "Amechoka kukaa. Wanaume ndivyo walivyo."

Lakini kwenye dirisha la jikoni, tangu siku ya kwanza tumbo lilipotajwa, mwiko ulikuwa umesimama hewani. Mama Gwantwa alikuwa anasikiliza. Maandazi yakaungua, na wanaojifunza wakayala hivyohivyo.

Siku ya tatu Bi Rukia akagawa karatasi yenye maswali kumi. Uliwahi kupigwa nyumbani? Uliwahi kukosa chakula? Palikuwa na mlevi? Palikuwa na aliyefungwa? Na mengine kama hayo, na kila jibu la ndiyo lilikuwa alama moja. "Hii ni ya kutufundisha sisi watu wazima tuone jinsi mambo yanavyolundikana," alisema. "Mtoto hapimwi kwa karatasi hii."

Mwalimu Tupokigwe aliyasikia maneno hayo. Aliyaandika, akayapigia mstari. Lakini mpe mwalimu maswali kumi na kalamu nyekundu, uone kama mkono hautamwasha.

Waliporudi kituoni alifanya kazi wiki nzima. Alikaa na wazazi kwenye benchi, mmoja mmoja, akawauliza kwa upole. Bibi yake Sekela naye alikaa kwenye benchi lile. Alisema kwa sauti ya chini mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata jirani. Tupokigwe akaandika yote. Akatengeneza orodha ya majina arobaini, na mbele ya kila jina akaweka namba. Nia yake ilikuwa njema: wafanyakazi wajue ni nani wa kushikwa kwa mkono laini zaidi. Akaibandika ndani ya mlango wa ofisi, mahali ambapo wazazi hawafiki.

Alisahau jambo moja. Ijumaa ni siku ya wazazi, na siku hiyo mlango wa ofisi husukumwa nje mpaka mwisho, na upande wake wa ndani hutazama ukumbini.

Wa kwanza kuiona alikuwa mama mmoja mwenye kikapu cha chai mgongoni. "Mwalimu! Mwanangu amepata sifuri? Sifuri kweli? Mtoto anayejua kuhesabu mpaka hamsini?"

"Mama, hayo siyo matokeo ya..."

"Wangu mbili," akasema baba mmoja. "Si haba. Babu yake alikuwa mzito vilevile."

"Nani wa kwanza?"

"Hebu tazama. Saba! Sekela amepata saba!"

"Sekela yupi, yule mng'ataji? Kumbe ana akili hivyo!"

"Hongera, bibi! Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Watu wazima thelathini, kwa pamoja, ndani ya ukumbi wenye paa la bati. Bibi alitabasamu kwa nukta moja, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Kisha akauliza, "Saba ya nini?"

Bibi akausoma uso wa Mwalimu Tupokigwe, akapata jibu.

"Nilikuambia kwenye benchi, binti," alisema. "Nilikuambia kwa sauti ya chini. Umekwenda kuyabandika mlangoni?"

Sekela alikuwa chini ya meza, amejikunja, mikono kichwani. Bibi akainama kwa shida, akamtoa, akamweka mgongoni licha ya uzee wake na magoti yake. Wakaenda. Jumatatu Sekela hakuja. Jumanne hakuja. Nguzo ya mlangoni ikabaki yenyewe.

Jumatano Mwalimu Tupokigwe alipanda mlima kwenda nyumbani kwa bibi. Akapiga magoti uani kwenye tope, akasema, "Shikamoo bibi. Nimekuja kuomba radhi." Bibi aliitikia shikamoo, akaendelea kupepeta ulezi. Alhamisi akapanda tena, akapiga magoti palepale. Bibi akasema, "Utaharibu sketi." Ijumaa akapanda mara ya tatu. Safari hii hakuanza na bibi. Alimgeukia Sekela aliyekuwa mlangoni, akabaki mbali kiasi cha hatua nne, akapiga magoti kwa mtoto wa miaka mitano.

"Sekela, mwenye kosa ni mimi. Wewe hukukosa kitu. Mambo yako ni yako. Karatasi nimeichoma kwenye jiko la Mama Gwantwa, na yeye aliona."

Sekela akafikiri. "Watapiga makofi?"

"Hawatapiga."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nitasimama mlangoni mimi mwenyewe."

Jumatatu Sekela akarudi.

Na siku hiyo Mwalimu Atuganile akakutana na watu wake akasema, "Kona imekwisha. Hasimamishwi mtu pale tena." Akatandika mkeka konani na mto mdogo juu yake, akae pale anayetaka kukaa. Tupokigwe naye akawafundisha wote upya yale ya mafunzo, ukurasa kwa ukurasa, likiwemo lile neno alilolipigia mstari kisha akalivunja.

Sasa sikilizeni aliyoyafanya Mama Gwantwa. Zamani aliita watoto kula kwa kugonga sufuria na mwiko, gwa! gwa! gwa!, mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Aliacha. Akaanza kuwaita kwa kuimba, na sauti yake, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya, lakini haikumshtua mtu. Kisha akamwita Sekela jikoni. "Mjukuu, ndizi ya kwenye sweta inaoza. Njoo nikuonyeshe." Akamshonea mfuko wa kitambaa. Kila siku baada ya chakula aliweka ndani yake ndizi moja ya kuchoma iliyofungwa kwenye jani. "Hii ya leo umekwisha kula. Hii ni ya kesho. Kesho nitaweka ya keshokutwa." Wiki tatu mfululizo hakukosa. Wiki ya nne Sekela alirudisha ndizi jikoni. "Ya kesho ipo kesho," alisema. Mama Gwantwa akageukia moshi, akasingizia kwamba umemwingia machoni.

Na Lugano? Lugano alichukua kigoda kifupi, akakiweka karibu na mkeka wa konani, kwa umbali wa mkono mmoja. Akakaa. Siku hiyo akatengeneza mpira wa matambara. Kesho yake akakaa palepale akashona doli. Hakumgusa Sekela, hakumwimbia, hakumuuliza lolote. Akiinuka alisema, "Naenda kuchota maji. Ndoo mbili. Narudi." Na alirudi, na zilikuwa ndoo mbili. "Naenda msalani. Narudi." Na alirudi. Siku moja mvua kubwa ilimkuta ng'ambo ya mto, akavuka akiwa amelowa mpaka mifupa. Akaingia ukumbini anachuruzika maji, akakaa kwenye kigoda. "Nilisema narudi," alisema, huku meno yanagongana. Siku hiyo Sekela alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu Atuganile kuisikia sauti hiyo. Alikuwa ofisini, na licha ya miaka yake yote ishirini na miwili ya kazi hakuweza kujua ni ya mtoto gani mpaka alipotoka kutazama.

Miezi ikapita. Bi Rukia akaja kutembelea kituo. Asubuhi hiyohiyo aliletwa mtoto mpya wa kike, analia, amegandamana na mlango, na watu wazima watatu wanambembeleza bila mafanikio. Sekela akatoka kwenye mchezo wake. Akamtazama yule mtoto kwa muda. Akamwonyesha mkeka.

"Kaa pale," alimwambia. "Pale unamwona kila mtu."

Akamwongoza, akamketisha, akarudi kucheza.

Bi Rukia aliutazama mkeka na kigoda kilichokuwa kando yake. Kisha akauliza, "Mwalimu, kazi hii ameifanya nani hapa?"

Mwalimu Atuganile akaanza kutaja jina moja, akajikuta ametaja matatu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka chuo cha walezi. Chuo kinatoa nafasi moja kwa Chini-ya-Chai. Atakayekwenda atasoma mwaka mzima, na akirudi atakuwa mkufunzi wa vituo vyote sita vya vilima vile. Darasa la nne si kizuizi, waliandika, wala cheti si sharti. Chuo kinataka mtu mmoja ambaye mkuu wa kituo atasimama na kusema, huyu ndiye. Jina lirudi kabla ya jua kuzama leo, maana aliyeleta barua anashuka mjini jioni. Nafasi ni moja, na haigawanyiki.

Mwalimu Atuganile akawaita wote watatu barazani mchana, watoto walipokuwa wamelala, akaweka fomu juu ya meza. Aliwapenda wote watatu. Alijua pia kwamba watoto wa vituo sita watalelewa kwa namna atakavyoandika.

Akaanza Mwalimu Tupokigwe. "Mwalimu Mkuu, mimi nilikaa siku tano. Niliyabeba mafunzo yote nikayaleta hapa. Bila mimi, kona ingekuwepo hata leo."

"Bila wewe," alisema Mama Gwantwa, "kusingekuwa na makofi."

"Ni kweli, mama. Nilikosea, na nilipanda mlima mara tatu. Ninyi mlifanya mema na Sekela akiwa hapa. Nani alimrudisha hapa? Mwalimu wa wengine anatakiwa ajue kosa linafanana na nini. Mimi nalijua. Sitaacha mlezi yeyote wa vituo sita abandike mtoto mlangoni."

Mama Gwantwa akajifuta mikono kwenye khanga. "Mimi sikukaa hata kwenye kiti. Nilisomea dirishani, na maandazi yangu yakaungua kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeniambia cha kufanya. Nilisikia mara moja tu kwamba tumbo linalinda, nikaenda nikashona mfuko. Mtu aliyejifunza hivyo dirishani, akiwekwa ndani ya darasa atafanya nini? Miaka thelathini na tano nimelitamani dawati. Sisemi hilo ili nionewe huruma. Nasema ili mjue sitasinzia."

"Lakini mama," alisema Tupokigwe, "kituo kina utaratibu wa chakula. Ulimpa mmoja, wengine thelathini na tisa hukuwapa."

"Binti, ile ndizi ilitoka shambani kwangu. Na wewe ulikula mbili."

Hata Mwalimu Atuganile alicheka. Kisha wote wakamgeukia Lugano, aliyekuwa anatazama vidole vyake.

"Huyu alikimbia mafunzo siku ya pili," alisema Mama Gwantwa, ingawa hakusema kwa ukali. "Tumpeleke mwaka mzima?"

"Nilikimbia," alisema Lugano. "Siku ile Bi Rukia alitaja mambo yale moja baada ya jingine, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni. Niliondoka kabla hajamaliza, na nilikuwa nimeshafika tisa." Akavikunja vidole vyake. "Sekela alipata saba, mkampigia makofi. Mimi ningepigiwa yapi?"

Akainua macho, akaendelea.

"Nilipokuwa mdogo palikuwa na mzee mmoja fundi viatu. Nilikaa karibu naye. Hakuniuliza kitu. Alikuwepo tu, kila siku, mahali palepale. Nilichomfanyia Sekela nilikitoa kwake. Naogopa kwenda chuoni, sitaficha. Huenda nikatoka nje tena. Lakini safari hii nitasema 'narudi', na nitarudi. Na watoto wa alama saba na nane, wakiniona mbele ya darasa nafundisha walimu, watajua mtu anaweza kufika."

Hapo fimbo ikagonga sakafu. Bibi yake Sekela alikuwa amekuja mapema kumchukua mjukuu, na alikuwa amesimama pale kwa muda.

"Mnasema vizuri," alisema. "Mwalimu alifundisha, mama alilisha, kijana alikaa. Na mimi? Mliniaibisha mbele ya kijiji, nikamrudisha mtoto. Ningemficha nyumbani, mfuko na kigoda vingemfikia wapi?"

"Bibi, utakwenda wewe chuoni?" aliuliza Mama Gwantwa.

"Niende na magoti haya? Mimi siendi popote. Nimesema tu, mwandike na hilo."

Mwalimu Atuganile akashika kalamu. Alimtazama aliyekosea akanyenyekea mpaka akasamehewa. Alimtazama aliyeelewa bila kufundishwa. Alimtazama aliyeshindwa kusikiliza kwa sababu alikuwa anayajua yote. Akamtazama bibi aliyeamini mara ya pili. Kisha akajitazama mwenyewe, aliyeuita kiburi woga wa mtoto, na akajiuliza kama mkono huo ndio unaofaa kuandika jina. Jua lilikuwa limeshavuka juu ya mashamba ya chai. Mstari kwenye fomu ulikuwa mmoja, mfupi, mweupe.

Je, ninyi mnaonaje? Nani alistahili? Aliyeleta mafunzo, akayavunja, akapanda mlima? Aliyeyachukua dirishani? Au aliyekuwa nayo kabla hayajafundishwa?

Bishaneni, nina muda wa kuwasikiliza. Nawaomba tu mkumbuke jambo moja mnapobishana: shusheni sauti. Nyuma ya mlango huu watoto wamelala, na Sekela naye amelala.